Ukuta wa Jiko la Bi Harusi: Uchague kwa Mkono Utakaoufuta



Harusi za Mfunguo Mosi zikikaribia, mazungumzo ya wasichana hubadilika. Huanza na hina na piko, zikafuata nguo, udi na asumini, halafu yakaishia kwenye nyumba. Hapo simu hutolewa na picha zikaanza kupita mkono kwa mkono. Jiko jeupe pepepe, ukutani vigae vidogo vidogo vinavyometameta, mstari wa dhahabu katikati, na juu ya kaunta hakuna hata kijiko. "Zuri eh?" Zuri, mashaallah. Lakini jiko hilo limepigwa picha kabla mtu hajakaanga ndani yake hata sambusa moja.

Watu wakisema fulani kapata jiko, maana yake kaoa. Basi na wewe unayeolewa, jiko lako utakaa nalo miaka mingi kuliko gauni na kuliko hina. Somo atakufundisha kuoga, singo na kujifukiza, na hayo yote yana mahali pake. Ukuta wa jiko haumo katika mafunzo ya somo, na ndio utakaoufuta kila siku baada ya Isha ukiwa umechoka. Kwa hiyo leo tuzungumzie ukuta ule wa nyuma ya moto na sinki, pamoja na kaunta iliyo chini yake. Tunalotaka kusema ni moja: usiuchague kwa jicho litakaloupiga picha, uchague kwa mkono utakaoufuta.

Kwanza tukubaliane jiko letu ni la namna gani. Sisi hatupiki mkate na chai tu. Tunakaanga vitunguu vya biriani mpaka viwe rangi ya kahawia, tunachemsha tui, tunaunga mchuzi wa samaki kwa manjano na ukwaju, tunakamua ndimu. Ramadhani ikiingia, kila jioni kuna kachori, bajia, katlesi na sambusa, siku 29 au 30 mfululizo. Mafuta ya moto yanaruka, na mvuke wake unapanda na kutua ukutani. Ongeza hewa yetu ya kisiwani yenye unyevu na chumvi. Wakati wa masika nguo hazikauki na kuta zinatoa jasho. Mafuta yakikutana na unyevu na vumbi hugeuka utando unaonata, na penye maji yasiyokauka hutokea madoa meusi ya ukungu.

Bibi zetu waliyajua haya. Jiko lao lilikuwa uani, mafiga na kuni, na ukuta uliingia masizi mpaka ukawa mweusi. Dawa yao ilikuwa chokaa. Ramadhani ikikaribia ukuta unapakwa upya, na chokaa mbichi ilisaidia pia kuzuia ukungu. Sisi tumeliingiza jiko ndani, karibu na sebule na makochi ya wageni, tunapikia gesi, na hatupaki chokaa kila mwaka. Ndiyo maana ukuta wenyewe lazima uwe wa kufutika.

Sasa tuje kwenye vigae. Dukani utaonyeshwa vingi, lakini maswali yako yawe matatu: uso wake ukoje, kinanywa maji kiasi gani, na kikubwa kiasi gani.

Kigae cha kawaida cha ukutani ni udongo uliochomwa ukavikwa ngozi ya kioo juu. Udongo wa ndani unanywa maji sana, zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, lakini ngozi ile ya juu hainywi kitu. Kwa ukuta wa jiko kinatosha kabisa, na bei yake huwa nafuu. Porselini huchomwa kwa moto mkali zaidi na udongo wake umeshikana, hivyo hunywa maji asilimia 0.5 au chini ya hapo. Ni kigumu, na faida yake kubwa utaiona sakafuni. Kwa ukuta, usikubali kuongezewa gharama kwa jina tu. Kinachokuhusu wewe ni uso laini unaong'aa, usio na mikwaruzo wala mashimo. Vile vya kuigiza jiwe chakavu au matofali, vyenye mabonde na vilima, vinapendeza kwenye mgahawa wa wageni. Nyumbani kila bonde litakuwa kituo cha mafuta.

Ukubwa wa kigae ndio jambo ambalo wengi hawaliulizi, na hapo ndipo kazi ilipo. Kigae chenyewe hakichafuki sana. Kinachochafuka ni mistari ya katikati inayojazwa saruji nyeupe, maana saruji ina vinyweleo na inakunywa mafuta na manjano. Tupige hesabu. Chukua ukuta wa urefu wa mita 3 na kimo cha sentimita 60. Ukiweka vigae vya sentimita 30 kwa 60 vilivyolazwa, vitaingia 10 tu, na mistari ya kati yake ukiiunganisha yote haifiki mita 6. Ukuta huohuo ukiweka vya sentimita 10 kwa 10, vitaingia 180 na mistari itapita mita 32. Na vile vya mapambo vya sentimita 2 na nusu, vinavyopendeza sana kwenye simu, vitakupa mistari ya mita 140. Mita 140 za kusugua kwa mswaki mkukuu, shoga yetu, na hapo bado hujafika kwenye sinki.

Kwa hiyo chagua vikubwa, na mwambie fundi abane mistari iwe myembamba, milimita 2 hivi, kama kingo za vigae ni nyoofu. Rangi ya mistari isiwe nyeupe. Kijivu au rangi ya mchanga huficha zaidi na kupendeza muda mrefu. Kama mfuko unaruhusu, ipo ya aina ya epoksi isiyonywa maji wala mafuta. Ni ghali na inataka fundi anayeijua, lakini unaweza kuitumia nyuma ya moto na sinki peke yake. Pale ukuta unapokutana na kaunta pasizibwe kwa saruji, kwa sababu hupasuka na maji yakapita. Paziba kwa silikoni ya kuzuia ukungu.

Kaunta nayo ina mambo yake. Marumaru halisi, tunasema jiwe lenyewe, ni jamii ya chokaa, na asidi hula chokaa. Tone la ndimu, siki au ukwaju likikaa juu yake huondoa mng'ao na kuacha alama ya weupe uliokufa. Hilo si doa la kufuta, jiwe lenyewe limeliwa. Katika jiko la watu wanaokamua ndimu kwenye kila kitu, marumaru ni mtihani. Graniti ni ngumu zaidi na ndimu haiisumbui vile, ila nyingine hunywa maji. Dondosha maji juu yake usubiri dakika kumi. Pakiingia weusi, inahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, na kurudiwa kila baada ya muda. Na kama uwezo ni mdogo, kaunta ya zege iliyofunikwa vigae vikubwa vya porselini inafaa sana, hata sufuria ya moto ukiiweka haina wasiwasi.

Haya hatukuyasoma tu. Mdogo wetu alipoposwa, nyumba ilikuwa inajengwa na familia ya mume, na mama mkwe alikuwa keshachagua vigae vya jiko: vidogo, vyeupe, na dhahabu kati yake. Hakuchagua kwa ubaya. Alitaka mke wa mwanawe aingie mahali panapong'aa, watu wakija kutazama nyumba waseme mashaallah. Mdogo wetu akaona haya kusema chochote. "Nitaonekana sijaolewa na nishaanza kuchagua," alituambia. Na ni kweli, ziko njia za kusema na ziko njia za kuvunja adabu. Lakini kunyamaza nako kuna bei, na bei yenyewe angeilipa yeye kwa mikono yake.

Tukaomba dukani vipande vilivyovunjika, maana havikosekani na aghalabu hutolewa bure. Tukapata kigae chenye mng'ao, kigae kisichong'aa chenye uso wa jiwe, kipande cha vile vidogo pamoja na mistari yake, na kipande cha marumaru kutoka kwa fundi. Nyumbani tukachanganya mafuta ya kupikia na manjano, tukapaka kila kimoja. Pembeni tukatia matone ya ndimu. Tukaacha usiku kucha. Asubuhi tukachukua dodoki na sabuni ya maji. Kile chenye mng'ao kilifutika kwa mkono mmoja. Chenye uso wa jiwe kilibaki na kivuli cha njano. Vile vidogo vilifutika vyenyewe, lakini mistari yake ilikuwa njano kama pilau ya sikukuu. Marumaru palipokaa ndimu palifubaa, ukipitisha kidole unahisi ukavu.

Vipande vile tukampa shangazi, naye akavipeleka kwa mama mkwe pamoja na sahani ya vileja. Hakukuwa na maneno mengi. Shangazi alimwambia tu, "Wifi yangu, tazama hiki na hiki, wewe umepika kuliko sisi." Mama mkwe akavigeuza, akacheka, akasema yeye mwenyewe amesugua mistari ya jikoni kwake miaka yote na hakuwaza kuwa ndiyo anayomnunulia mkwewe. Wakakubaliana vigae vikubwa vya rangi ya maziwa, na ule mstari wa dhahabu ukawekwa mmoja tu, juu kabisa, mafuta yasikofika. Bwana harusi akafurahi kwa sababu fundi alimaliza mapema na hesabu ikapungua. Kila mtu alipata alichokitaka na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Tunalisimulia hili kwa sababu tunaona wasichana wengi wanaogopa. Kuulizia jiko lako kwa adabu, kwa kupitia shangazi, somo au mama, si uroho na si kumpangia mume. Mume anaweka nyumba, ni wajibu wake, Allah amlipe. Wewe unasaidia mali yake isitumike pasipofaa. Dini yetu imetukataza israfu, na israfu si kununua cha bei kubwa tu. Kununua kitu ambacho baada ya mwaka kitachakaa na kung'olewa nako ni kupoteza mali.

Na usafi kwetu si jambo la mapambo. Tumefundishwa kuwa twahara ni nusu ya imani, na chakula tunachokila na kuwalisha wageni hutoka katika jiko hilo. Lakini uchovu nao ni kweli. Bibi Fatma, radhi za Allah ziwe juu yake, mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume (SAW) alimjia nyumbani, akamfundisha yeye na Sayyidna Ali wakienda kulala walete Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, kwamba hiyo ni bora kwao kuliko mtumishi. Sisi tunapata humo mambo mawili. Kwanza, kazi ya nyumba inachosha hata mbora wa wanawake, na kuisema si aibu. Pili, nguvu ya mwisho wa siku ibaki kwa ajili ya dhikri. Katika kumi la mwisho, nusu saa unayoikomboa jikoni ni rakaa, ni kurasa za msahafu, au ni usingizi utakaokuamsha kula daku na roho nyepesi.

Mkumbuke pia kwamba Mtume (SAW) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake kazi zao. Ukuta unaofutika kwa dodoki moja hata mume anaweza kuufuta huku ukiosha vyombo, na ataona raha kusaidia. Ukuta wa kusugua kwa mswaki utamkimbiza.

Kuna mambo mawili ya adabu ambayo mafundi hawawaambii. Vipo vigae vya jikoni vyenye picha za majogoo, bata na samaki. Sisi tunaviepuka, kwa kuwa tumefundishwa kutotundika picha za viumbe wenye roho nyumbani. Vya maua, majani na michoro ya pembe vipo tele. Na vipo vigae vilivyoandikwa jina la Allah au aya. Nia ni njema, lakini usiviweke nyuma ya moto au juu ya sinki, vikarukiwa mafuta na maji ya vyombo. Viweke sebuleni, mahali pa juu na pasafi.

Je, na wewe unayeanza maisha kwenye nyumba ya kupanga? Wengi wetu tulianza hivyo. Usitie vigae katika nyumba ya mtu bila kukubaliana naye. Paka rangi ya mafuta inayong'aa nyuma ya jiko, kutoka kaunta mpaka unapofika mkono wako. Inafutika vizuri na gharama yake ndogo. Au nunua bamba la chuma kisichoshika kutu, ulifunge kwa skrubu chache, siku ya kuhama unaondoka nalo. Karatasi za plastiki za kubandika zenye sura ya vigae usiziweke karibu na moto wa gesi, zinayeyuka na zinaweza kushika moto. Kioo cha dirisha nacho usikiweke hapo, joto hukipasua. Kinachofaa ni kile kilichotengenezwa kigumu kwa ajili ya joto.

Ukienda dukani, pima ukuta kwanza, kisha ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukatwa na kuvunjika. Tazama maboksi yote yawe na namba moja ya toleo na ya rangi, maana vigae vya jina moja vikichomwa siku tofauti huwa havifanani. Weka vitatu vinne stoo, siku kimoja kikipasuka hutahangaika. Mwambie fundi asitumie mchanga wa pwani wenye chumvi. Chumvi hutoka polepole ikaacha unga mweupe kwenye mistari. Nyuma ya moto vigae vipande juu zaidi, na dirisha au feni ya kutolea mvuke iwe karibu.

Kufuta ni kila siku, ukuta ungali na uvuguvugu: kitambaa, maji ya moto, sabuni ya maji, kisha kitambaa kikavu. Waya wa kusugulia sufuria usiuguse, unachuna ngozi ya kigae na uchafu unapata pa kushika. Siki na ndimu usizitie kwenye mistari ya saruji mara kwa mara, zinaila. Kama manjano yameingia kwenye mistari na jua linapiga hapo, subiri siku chache, rangi ya manjano hufifia juani. Na hili tunawasihi: dawa ya klorini msiichanganye na siki, ndimu wala dawa kali ya chooni. Hutoa hewa ya sumu, na majiko yetu ni madogo.

Mabibi harusi wetu, mtaingia nyumba zenu na watu watatazama pazia na kitanda. Ukuta wa jiko utabaki baina yako na Mola wako, na mikono yako, kila usiku. Semeni mapema, kwa upole na kwa ushahidi mkononi, na muwaheshimu waliotoa mali zao kukujengeeni.

Allah azijaalie nyumba zenu ziwe za utulivu, mapenzi na huruma, azitie baraka riziki zinazopikwa ndani yake, na aikubali kazi ya mikono yenu iwe ibada. Amin.